Mapigo ya moyo yanashuka na saa inaonyesha kalori chache: mwongozo kamili wa kupima maendeleo yako

Wengi wanaoanza kukimbia hukutana na jambo hili baada ya miezi miwili mitatu. Njia ni ile ile, muda ni ule ule, lakini saa ya mkononi iliyokuwa ikiandika kalori 420 sasa inaandika 350. Mtu anajiuliza kama mazoezi yameacha kufanya kazi, kama mwili "umeshazoea" na hauunguzi kitu tena. Wapo wanaokata tamaa hapo hapo, wakati ndiyo kwanza moyo wao umeanza kuimarika. Hilo linaniuma sana, maana namba moja iliyosomwa vibaya inawarudisha kwenye kochi watu waliokuwa wanafanya vizuri.

Vifaa vya mwongozo huu ni vichache: saa yenye mshale wa sekunde au simu, mzani, daftari, na njia moja ya tambarare unayoujua urefu wake. Saa janja itasaidia, lakini usipokuwa nayo hujakosa kitu cha lazima. Neno kalori hapa lina maana ile ile inayoandikwa kwenye pakiti za vyakula, yaani kilokalori.

Neno moja kabla ya kuanza. Ukiwa na presha, kisukari, ugonjwa wa moyo, selimundu, au una mimba, onana na daktari kwanza. Na kama unatumia dawa za presha za kundi la atenolol, propranolol au bisoprolol, hesabu za mapigo zilizoelezwa hapa hazikuhusu, kwa sababu dawa hizo huzuia moyo kwenda kasi. Wewe tumia kipimo cha maongezi nitakachokieleza kwenye hatua ya pili.

Elewa kwanza kinachobadilika na kisichobadilika

Moyo wa mtu mzima aliyepumzika husukuma takriban lita 5 za damu kwa dakika. Mtu asiye na mazoezi hutoa karibu mililita 70 kwa kila pigo, hivyo anahitaji mapigo kama 72 kufikisha lita hizo. Baada ya miezi kadhaa ya mazoezi, ujazo wa damu umeongezeka, chumba cha kushoto cha moyo kimetanuka, na pigo moja linaweza kutoa mililita 90. Lita tano zile zile sasa zinapatikana kwa mapigo 56. Anayejaza pipa kwa ndoo kubwa hupiga safari chache kuliko mwenye ndoo ndogo, na pipa linajaa vile vile.

Mabadiliko hayo hayaji kwa pamoja. Sehemu ya majimaji ya damu huanza kuongezeka ndani ya wiki ya kwanza au ya pili, ndiyo maana mapigo wakati wa mazoezi huanza kushuka mapema. Ndani ya misuli kazi ni ya polepole zaidi: mishipa midogo kabisa inaongezeka, na mitokondria, zile sehemu za seli zinazotumia oksijeni kuzalisha nishati, nazo zinaongezeka kwa wiki na miezi. Mapigo ya mapumziko ndiyo hukawia kuonyesha tofauti kubwa.

Kiwango cha juu kabisa cha mapigo hakipandi kwa mazoezi. Kinashuka kidogo kidogo kadiri umri unavyosogea, uwe mwanariadha au usiwe. Mazoezi yanapanua nafasi iliyopo kati ya mapigo ya mapumziko na hicho kilele.

Na kalori? Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Nishati ya kukimbia inatumika hasa kwenye misuli, na misuli inaizalisha kwa oksijeni: kila lita moja ya oksijeni inayotumika huzalisha karibu kalori 5. Kuusogeza mwili wa kilo 80 kwa kilomita 5 kunahitaji takriban oksijeni ile ile mwezi wa kwanza na mwezi wa nne. Kilichobadilika ni kwamba kila pigo sasa linabeba oksijeni nyingi zaidi. Moyo unapiga mara chache, misuli inapokea kiasi kile kile, na kalori zinabaki karibu zile zile. Ni kweli mwili hujifunza kukimbia bila kupoteza nguvu ovyo, lakini akiba hiyo kwa kawaida ni asilimia chache tu. Haiwezi kueleza kalori 70 zilizopotea kwenye saa.

Hatua ya 1: Pima mapigo ya mapumziko

Pima asubuhi, kabla ya chai na kabla ya kushika simu. Kama kibofu kimejaa, nenda msalani, urudi ulale dakika tano. Weka kidole cha shahada na cha kati upande wa ndani wa kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba. Usitumie kidole gumba kupimia, kina mapigo yake yenyewe na utahesabu yasiyohusika. Hesabu kwa sekunde 60.

Fanya hivyo siku saba mfululizo, jumlisha, gawa kwa saba. Siku moja haitoshi, maana usiku wa usingizi mbaya peke yake unaweza kuongeza mapigo kadhaa. Kwa mtu mzima, 60 hadi 100 ndicho kiwango cha kawaida, na wanariadha wa mbio ndefu huwa na 40 na kitu. Usijilinganishe na jirani. Mwenye 68 anaweza kuwa na pumzi kuliko mwenye 60, kwa sababu kurithi nako kuna sehemu yake.

Hatua ya 2: Tafuta ukanda wako wa mazoezi

Kanuni ya kukadiria kilele cha mapigo, yaani kiwango chake cha juu kabisa, inayojulikana kwa kila kocha ni 220 kutoa umri. Ni rahisi, lakini huwapunguzia wazee na kuwazidishia vijana. Kanuni iliyotolewa mwaka 2001 na mtafiti Tanaka na wenzake ni hii: zidisha umri kwa 0.7, kisha toa jibu hilo kwenye 208. Kwa mtu wa miaka 40 zote mbili zinatoa 180. Kwa wa miaka 60, ya kwanza inatoa 160 na ya pili 166. Hata hii ya pili inaweza kukosea kwa mapigo 10 kwenda juu au chini kwa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo ichukue kama makisio.

Sasa tumia njia ya Martti Karvonen, mtafiti wa Finland aliyeichapisha na wenzake mwaka 1957. Uzuri wake ni kwamba inahesabu mapigo yako ya mapumziko, na kwa hiyo inabadilika nawe. Tuchukue mtu wa miaka 40, kilo 80, mapigo ya mapumziko 78:

- Kilele ni 180. Toa 78, inabaki nafasi ya 102.
- Asilimia 60 ya 102 ni 61. Ongeza 78, unapata 139.
- Asilimia 70 ya 102 ni 71. Ongeza 78, unapata 149.

Ukanda wake wa kujenga pumzi ni 139 hadi 149. Miezi kadhaa baadaye mapigo ya mapumziko yameshuka hadi 66. Nafasi imekuwa 114, na hesabu ile ile inampa 134 hadi 146. Asiyerudia hesabu ataendelea kufukuzia namba za zamani na kujitesa kidogo kila siku bila sababu.

Hakiki namba hizo kwa mdomo wako; hiki ndicho kipimo cha maongezi. Kwenye ukanda huu unapaswa kuweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, lakini usiweze kuimba. Ukishindwa kumaliza sentensi, umevuka, hata kama saa inasema bado. Namba na mwili zikipingana, mimi huuamini mwili.

Hatua ya 3: Weka kipimo cha njia moja

Hiki ndicho kiini cha mwongozo wote, na ukifanya hiki peke yake utakuwa umejua zaidi kuliko saa nyingi zinavyoweza kukuambia.

Chagua njia ya tambarare ya kilomita 3. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Daraja la Tanzanite lina urefu wa takriban kilomita moja, na ukipita mara tatu umemaliza. Uwanja wenye njia rasmi ya kukimbilia, mzunguko wa mita 400, unafaa zaidi: mizunguko saba na nusu. Epuka njia yenye taa za barabarani au bodaboda zinazokukatisha, kwa sababu kila kusimama kunaharibu kipimo.

Pasha mwili kwa dakika 10 za kutembea haraka. Kisha nenda kilomita 3 kwa mwendo mmoja uliouchagua, mwendo ambao leo unauweza bila kuhangaika. Anayeanza anaweza kuchukua dakika 9 kwa kilomita, na asiyeweza kukimbia achukue dakika 12 za kutembea. Kazi yako ni kuushika mwendo huo huo tangu mwanzo hadi mwisho. Ukimaliza, pima mapigo mara moja: hesabu kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Usihesabu dakika nzima hapa, maana moyo utakuwa umeshatulia katikati ya hesabu. Endelea kutembea taratibu, na dakika moja baada ya kumaliza hesabu tena sekunde 15.

Andika tarehe, saa, hali ya hewa, uzito, mapigo ya mwisho, na mapigo baada ya dakika moja. Rudia kila baada ya wiki nne, saa ile ile ya siku, kwa mwendo ule ule. Hamu ya kukimbia haraka zaidi siku ya kipimo huwa kubwa, lakini ukiongeza kasi umepima kitu kingine, na huwezi kulinganisha.

Kinachotarajiwa ni kwamba mapigo ya mwisho yatashuka kwa mwendo ule ule. Aliyemaliza na 158 mwanzoni anaweza kumaliza na 145 baada ya miezi mitatu. Namba ya pili, ile ya dakika moja, nayo inasema mengi. Mwaka 1999 watafiti wa Cleveland Clinic nchini Marekani walichapisha kwamba watu ambao mapigo yao yalishuka kwa 12 au pungufu katika dakika ya kwanza baada ya kipimo cha mashine ya kukimbilia walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufariki katika miaka iliyofuata. Hiyo haina maana kwamba kipimo chako cha barabarani ni uchunguzi wa hospitali. Lakini ukiona mwezi baada ya mwezi mapigo hayashuki hata 12, mpelekee daktari daftari lako. Wenye pumzi nzuri huona yakishuka 25, 30, au zaidi.

Hatua ya 4: Hesabu kalori kwa uzito na umbali

Kwa kukimbia kwenye tambarare, tumia takriban kalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Kwa kutembea kama kilomita 5 kwa saa, tumia 0.7. Mtu wa kilo 80 akikimbia kilomita 5 anatumia karibu kalori 400. Akizitembea, karibu 280. Hesabu hii haihitaji mapigo ya moyo hata kidogo, na ndiyo sababu haidanganyiki moyo unapoimarika.

Sasa angalia faida halisi ilipo. Mtu wetu alikuwa anamaliza kilomita 5 kwa dakika 45, karibu kalori 9 kwa dakika. Baada ya miezi kadhaa anazimaliza kwa dakika 35. Jumla bado ni 400, lakini sasa ni zaidi ya kalori 11 kwa dakika. Akikimbia zile dakika 45 za zamani kwa kasi mpya, anafika kilomita 6.4 na kutumia kalori 510 hivi. Muda ule ule wa asubuhi, jitihada ile ile moyoni, kazi kubwa zaidi.

Mfano wa juu kabisa ni Eliud Kipchoge. Septemba 2022 alimaliza marathoni ya Berlin kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Kwa uzito wa takriban kilo 52, kanuni yetu inampa kalori 2,200 kwa kilomita zote 42, au kama 18 kwa dakika, kwa saa mbili bila kupumzika. Mtu wa kilo 80 anayemaliza marathoni kwa saa tano anatumia jumla kubwa kuliko Kipchoge, karibu 3,400, lakini ni kama 11 tu kwa dakika. Uzito unaamua bei ya kila kilomita, na pumzi inaamua ni kilomita ngapi unaweza kuzilipia ndani ya saa moja.

Hapa kuna punguzo moja la kweli. Ukipungua kutoka kilo 80 hadi 74, kilomita 5 zitakugharimu kalori 370 badala ya 400. Hiyo ndiyo sehemu ya kushuka kwa kalori unayopaswa kuikubali, na dawa yake ni kuongeza nusu kilomita.

Utasikia pia kwamba misuli mipya itaunguza kalori nyingi hata ukiwa umelala. Kilo moja ya misuli iliyopumzika hutumia takriban kalori 13 kwa siku. Kujenga misuli kuna faida tele, kwa magoti, kwa mgongo, kwa uzee, lakini usiingize faida hiyo kwenye hesabu ya chakula.

Hatua ya 5: Irekebishe saa yako, kisha iamini kiasi

Saa nyingi hukadiria kalori kutokana na mapigo ya moyo, umri, jinsia na uzito. Mapigo yakishuka, saa inadhani umefanya kazi ndogo. Hapo ndipo 420 inapogeuka kuwa 350. Ingia kwenye mipangilio, weka uzito wa sasa na mapigo ya mapumziko ya sasa, na urudie kila mwezi. Washa kipimo cha umbali cha setilaiti unapokimbia nje. Ifunge saa juu kidogo ya mfupa wa kifundo, imebana bila kuumiza; mkanda wa kifuani ni sahihi zaidi kwa anayeumudu.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa saba vya mkononi. Sita kati ya hivyo vilipima mapigo kwa kosa lisilozidi asilimia 5. Kwa kalori, kifaa kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na cha mwisho kwa asilimia 93. Kwa hiyo amini saa kwa mapigo, na kwa kalori shika kanuni ya uzito na umbali.

Hatua ya 6: Igeuze nafasi mpya kuwa kazi

Kipimo kikionyesha mapigo yameshuka kwa 5 au zaidi kwa mwendo ule ule, umepata ruhusa ya kuongeza. Ongeza umbali kwanza, kasi baadaye. Kwa wiki ya siku nne, siku tatu zikae kwenye ukanda wa maongezi. Siku moja weka vipande vya kasi: dakika 2 haraka, dakika 2 za kutembea, mara sita. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali. Anayeanza kutoka sifuri asikimbilie 300 mwezi wa kwanza; moyo huimarika upesi kuliko kano na mifupa ya miguu, na wanaoumia goti au kisigino mara nyingi ni wale ambao pumzi ilitangulia miguu.

Yanayopandisha mapigo bila kukupa kalori

Joto ni la kwanza, hasa kwa sisi wa pwani. Sehemu kubwa ya nishati ya misuli, karibu robo tatu, hutoka kama joto, na moyo unalazimika kupeleka damu kwenye ngozi ili mwili upoe. Ukikimbia saa nne asubuhi mwezi wa Februari pale Tanga au Mombasa, mapigo yatapanda taratibu hata kama kasi haijabadilika. Saa itakuandikia kalori nyingi, na hizo za ziada usizihesabu. Anayehamia pwani kutoka bara ajipe wiki mbili kabla ya kupima chochote.

Mwinuko nao una nguvu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Iten karibu 2,400. Mtu wa Dar akikimbia huko wiki ya kwanza atadhani pumzi yake imeibwa, wakati hewa tu ndiyo yenye oksijeni chache kwa kila pumzi. Usilinganishe kipimo cha huko na cha nyumbani.

Homa hupandisha mapigo kwa karibu 10 kwa kila nyuzi moja ya joto la mwili. Mapigo ya asubuhi yakizidi wastani wako kwa 8 au 10 siku mbili mfululizo, pumzika, na kama kuna dalili za malaria kapime. Upungufu wa damu nao hufanya moyo uende mbio kwa kazi ndogo, na akina mama wengi wanaodhani hawana pumzi wangesaidiwa na kipimo cha damu kuliko na kocha. Mwezi wa Ramadhani mwili ukiwa na maji machache mapigo huwa juu. Fanya mazoezi mepesi karibu na kufuturu au baada ya tarawehe, na ahirisha kipimo mpaka baada ya Idi.

Chakula

Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120. Vijiko vitatu vinakaribia kilomita 5 zote za mtu wetu wa kilo 80. Sisemi usile. Nasema kama lengo ni kupunguza kitambi, pima mafuta kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye chupa, kwa sababu hapo utaokoa kalori nyingi kuliko utakazopata kwa kugombana na saa.

Ukisimama, na ukirudi

Safari, msiba, ugonjwa: kila mtu husimama. Majimaji ya damu yaliyoongezeka haraka ndiyo pia hupungua haraka, hivyo wiki mbili tatu za kukaa zinatosha kuyarudisha mapigo juu. Ukirudi, usianzie ulipoishia. Wiki ya kwanza kimbia nusu ya umbali wako, ukifuata kipimo cha maongezi peke yake, na ufanye kipimo cha kilomita 3 wiki ya pili. Maumivu ya kifua, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, au moyo unaopiga bila mpangilio hayasubiri wiki ya pili: simama hapo hapo na uende hospitali siku hiyo hiyo.